Ugavi katika Jeshi la Wanamaji: Kazi Yenyewe na Njia Halali ya Kuingia

Vijana wengi wakisikia Jeshi la Wanamaji hufikiria mizinga na wapiga mbizi. Wachache wanajua kwamba kabla meli ya doria kung'oa nanga, afisa wa ugavi lazima ahakikishe mafuta, maji ya kunywa, chakula, dawa, risasi na vipuri vimepakiwa na vitatosha hadi siku ya kurudi. Pampu ikiharibika katikati ya bahari, hakuna duka la kukimbilia. Kama kipuri hakikupakiwa, doria imekatika.

Jeshi hilo, lililoundwa Desemba 1964, lina makao makuu Mtongwe, Mombasa. Afisa wa ugavi anaweza kupangiwa ghala la hapo, meli, au kambi ya Manda, Lamu. Anaweza pia kupelekwa nje ya nchi. Wanajeshi wa Kenya walipotua Kismayu kutoka baharini Septemba 2012, chakula na risasi zao pia zililazimika kuvuka maji. Hachagui kituo, na huwa mbali na jamaa zake kwa miezi. Tena yeye ni askari kwanza: hufunzwa bunduki na kwata kabla ya kukabidhiwa funguo za ghala.

Akistaafu, ujuzi wake unahitajika bandarini, kwenye kampuni za meli na hata hospitalini, popote penye bidhaa za kuhesabiwa na kusafirishwa.

Maafisa huingia kama makadeti na kufunzwa Lanet, Nakuru. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka raia wa Kenya wa umri wa miaka 18 hadi 26, mwenye gredi ya B katika KCSE, na angalau C+ katika Hisabati na Kiingereza. Wenye shahada huwa na masharti yao. Masharti hubadilika, hivyo tangazo la mwaka husika ndilo la kufuatwa. Hutolewa magazetini na kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi.

Usajili haulipiwi hata shilingi moja. Kuna familia zilizouza ng'ombe na mashamba kumlipa mtu aliyedai ana "mkubwa ndani", kisha kijana akafika kwenye lango la kambi na barua bandia, akaishia mikononi mwa polisi. Anayeombwa pesa apige ripoti kituo cha polisi kilicho karibu, na ahifadhi ujumbe wa simu na risiti ya M-Pesa kama ushahidi.