Mnyoo wa Guinea: Ulinzi Usilegezwe

Mtu wa mwisho kuambukizwa mnyoo wa Guinea humu Kenya aliugua mwaka 1994, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likathibitisha ya kuwa ugonjwa huo umekwisha nchini. Lakini Turkana yapakana na Sudani Kusini, ambako wagonjwa walionekana hata baada ya hapo.

Anywaye maji ya dimbwi yenye vidudu vilivyobeba watoto wa mnyoo haoni dalili mpaka upite kama mwaka mmoja. Ndipo mguuni hutokea lengelenge lichomalo kama moto. Akiutia mguu majini ili upoe, mnyoo humwaga watoto wake dimbwini.

Basi aonaye lengelenge la namna hiyo na amzuie mgonjwa asiingie majini, akaiarifu zahanati siku ile ile. Adui aliyesahauliwa hurudi kwa mlango usiolindwa.