Taa za Maua Usiku: Balbu ya Zamani au LED?

Mkulima wa sikimu anayelima maua katika kivungulio, yaani ile nyumba ya karatasi ya nailoni, huona hesabu ya stima ikipanda kila mwezi, naye hujiuliza kama yafaa atoe balbu zake za zamani na kutia taa za LED. Jibu fupi ni ndiyo, lakini si kwa kila ua.

Kwanza yafaa ujue taa ina kazi gani. Huko Ulaya wakati wa baridi, mchana ni mfupi na jua ni dhaifu, kwa hiyo taa hulisha mmea badala ya jua. Kwetu sivyo. Ikweta yapita karibu kabisa na mji wa Meru, na Embu haiko mbali nayo. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi, Januari kama Julai, na mmea hupata chakula chake kwa jua bila malipo. Basi akija mfanyabiashara kukuuzia zile taa kubwa za rangi ya zambarau za kukuza mimea, mwulize zitafanya kazi gani ambayo jua la Timau halifanyi.

Taa yako ni saa, si chakula. Mmea huhesabu urefu wa giza. Jambo hili lilielezwa mwaka wa 1920 na wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, waliokuwa wakichunguza tumbaku iliyokataa kutoa maua wakati mchana ulipokuwa mrefu. Waliona kwamba mimea mingine hungoja usiku mrefu ndipo itoe maua, na mingine hungoja usiku mfupi.

Chukua krisanthemamu, ambayo ni jamaa ya pareto unayoijua. Yenyewe hungoja usiku mrefu, na giza letu la saa 12 laitosha. Kwa hiyo hapa kwetu hutia vichwa vya maua mwezi wo wote, hata ingali fupi kama kiganja, na soko halinunui shina fupi. Ndiyo sababu huwashiwa taa katikati ya usiku, tuseme kuanzia saa nne mpaka saa nane. Giza likikatwa vipande viwili, mmea hudhani usiku ni mfupi, nao huzidi kurefuka. Shina likifika kimo cha kutosha taa huzimwa, na maua huwa tayari baada ya wiki 7 hadi 10 kwa kadiri ya aina yake. Stima ikikosekana usiku kadhaa mfululizo kabla ya wakati huo, vichwa huanza mapema, wala huwezi kuvirudisha. Mwenye mkataba wa kuuza ajua hasara yake.

Sasa tuhesabu pamoja. Tuseme una balbu 20 za zamani, zile za waya unaowaka, kila moja wati 100. Zikiwaka saa 4 kila usiku, zinakula yuniti 8. Kwa usiku 30 ni yuniti 240. Balbu ya LED ya wati 13 hutoa mwanga karibu sawa na ile ya wati 100. Balbu 20 za namna hiyo zitakula yuniti moja na kidogo kwa usiku, yaani yuniti 31 hivi kwa mwezi. Tazama karatasi ya tokeni yako, ona unalipa shilingi ngapi kwa yuniti moja, kisha zidisha kwa 209. Hizo ndizo fedha zinazobaki mfukoni.

Zinakwenda wapi yuniti hizo zote? Balbu ya zamani hugeuza karibu sehemu tisa katika kumi za stima yake kuwa joto. Wapo wasemao kwamba joto hilo huwafaa watu wa Timau kwa kuwa usiku wao ni wa baridi. Huo ni moto wa bei ghali mno. Tena balbu hiyo huungua baada ya saa 1,000 hivi, yaani usiku 250. Sanduku la LED huenda likaandikwa saa 15,000, lakini aliyeliandika hakufikiria umande wa kivungulio. Nunua taa zilizofungwa vizuri zisiingie maji, nawe usome idadi ya lumeni, si wati peke yake. Ili kuwa sawa na balbu ya wati 100 ya zamani, yatakiwa lumeni 1,300 hivi.

Lakini jipsofila ni habari nyingine. Ua hili hungoja usiku mfupi, nalo latazama pia rangi ya mwanga. Balbu ya zamani hutoa kwa wingi wekundu wa mbali, ambao jicho la mtu haliuoni vizuri, nao ndio unaoihimiza jipsofila kutoa maua. LED nyeupe ya nyumbani ina kidogo sana ya rangi hiyo. Mwenye jipsofila asitupe balbu zake kwa haraka. Kuna LED zilizotengenezwa kwa maua, zenye wekundu wa kawaida na wekundu wa mbali pamoja. Hizo ni ghali, lakini kwa ua hili zastahili bei yake.

Kabla ya kubadili taa za kivungulio kizima, badili tuta moja au mawili tu, nawe uyatenge kwa pazia jeusi ili mwanga wa balbu nyingine usifike hapo. LED nyingi humulika upande wa chini tu, hivyo pembe huweza kubaki gizani. Baada ya wiki chache pita ukikagua: mahali krisanthemamu ilipotia vichwa kabla ya wenzake, hapo mwanga haufiki, na pahitaji taa moja zaidi.