Mbwa Mwenye Saratani: Saa ya Kumuaga Huamuliwaje?

Daktari wa mifugo akishakwambia kwamba saratani ya mbwa wako haiponi, swali linalokutoka mara moja ni hili: amebakiza muda gani? Ni swali la haki, na daktari mzuri atalijibu kadiri awezavyo. Tatizo ni kwamba familia nyingi hukwama hapo hapo. Huanza kuhesabu miezi, husubiri dalili moja isiyo na shaka, na dalili hiyo inapokuja huja usiku wa manane: mbwa anahema kwa taabu, kliniki zimefungwa, na watoto wanalia. Hoja ya makala haya ni kwamba muda ni kipimo kibaya cha uamuzi huu. Kinachopaswa kupimwa ni hali ya siku zake, na anayezipima kwa uaminifu humuaga mbwa wake mapema kidogo kuliko moyo unavyotaka.

Kwanza, ni saratani gani?

Kansa ni neno linalotisha kiasi kwamba ukishalisikia husikii tena yanayofuata. Lakini magonjwa yanayobeba jina hilo kwa mbwa yanatofautiana mno. Kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao madaktari huuita TVT. Unapatikana sana kila mahali ambapo mbwa huzurura ovyo, ikiwemo mitaa yetu ya Afrika Mashariki. Ni saratani ya aina yake: chembe zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama kutoka kwa mbwa mmoja hadi kwa mwingine, na ukoo huo umekuwa ukisambaa duniani kwa maelfu ya miaka. Uvimbe huo huvuja damu na kunuka, na wako mbwa wanaouawa kwa sababu yake. Ilhali wengi wao hupona kwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita hivi. Anayemuua mbwa kwa ugonjwa huo bila kumtibu anamuaga asiyekuwa na safari.

Ndiyo maana hatua ya mwanzo ni vipimo. Daktari huchoma uvimbe kwa sindano nyembamba, akavuta chembe na kuziangalia kwenye hadubini, au hukata kipande kidogo na kukipeleka maabara. Kliniki ya mtaani ikishindwa, zipo hospitali za kufundishia, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete.

Vipimo vinaweza pia kuleta habari nzito. Limfoma huvimbisha tezi chini ya taya na nyuma ya magoti, mara nyingi bila maumivu yoyote. Isipotibiwa, mbwa huishi wiki chache; kwa dawa ya prednisoloni peke yake hupata mwezi mmoja au miwili; kwa mseto kamili wa tibakemikali wengi hufika karibu mwaka. Hemanjiosakoma, saratani ya mishipa ya damu ambayo hupenda kuota kwenye wengu wa mbwa wakubwa kama German Shepherd, hukua kimya hadi ipasuke. Mbwa aliyecheza asubuhi huanguka jioni, fizi zikiwa nyeupe. Hata wengu ukiondolewa, wengi huondoka ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu.

Pesa husaidia kununua muda, lakini ina kikomo. Bo, mbwa aliyeishi Ikulu ya Marekani na familia ya Barack Obama, alikufa kwa saratani Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 12. Ile ilikuwa nyumba iliyoweza kumwita daktari yeyote. Anayetegemea kliniki moja tu ya mtaani kwake asijilaumu kwamba mbwa wake amekufa kwa sababu ya umaskini wake.

Mguu unaochechemea

Tuutazame ugonjwa mmoja kwa karibu, kwa kuwa unaonyesha vizuri jinsi uamuzi huu unavyokuja. Mbwa mkubwa wa ulinzi, mwenye miaka minane hivi, anaanza kuchechemea mguu wa mbele. Nyumbani wanadhani amejigonga getini. Anapewa dawa, anapata nafuu kidogo, kisha anarudi kuchechemea, na juu kidogo ya kifundo panaota uvimbe mgumu unaouma ukiguswa. Picha ya eksirei inaonyesha kilichotokea: mfupa umeliwa kama boriti yenye mchwa, umesimama kwa nje ilhali ndani hauna nguvu, na ruko moja la kawaida linaweza kuuvunja.

Hiyo ni osteosakoma, saratani ya mfupa. Ubaya wake ni kwamba kufikia siku ya picha hiyo, kwa takriban mbwa 9 kati ya 10, chembe zake zimeshafika mapafuni, hata kama eksirei ya kifua bado ni safi. Kukata mguu huondoa maumivu, na mbwa wengi hujifunza upesi kukimbia kwa miguu mitatu, lakini mguu ukikatwa bila tiba nyingine muda wa kawaida ni miezi minne au mitano. Tibakemikali ikiongezwa, hufika miezi 10 hadi 12. Kwa mbwa mzee, mzito na mwenye nyonga mbovu, kukata mguu huenda kusifae kabisa.

Anayebaki na mguu wake hubaki na maumivu ya mfupa, ambayo ni makali sana. Hapa ndipo huruma ya haraka inapoua. Panadoli huharibu ini na damu ya mbwa. Ibuprofeni na diklofenaki, zilizomo katika droo za nyumba nyingi, humtoboa tumbo na kuharibu figo zake. Mbwa ana dawa zake, kama karprofeni na meloksikamu, na hizo nazo hazichanganywi na prednisoloni. Dozi hupangwa na daktari kwa uzito wa mbwa, naye huweza kuongeza dawa nyingine kadiri ugonjwa unavyokwenda. Siku dawa zote hizo zitakaposhindwa kumpa mbwa usingizi wa usiku mmoja, jibu la swali la muda litakuwa limepatikana, hata kama bado anakula.

Nani anayemjua mbwa?

Hilo la kula linahitaji kutazamwa, kwa sababu ndilo linalodanganya wengi. “Bado anakula,” husema mwenye nyumba, “bado anatikisa mkia.” Mbwa hula akiwa na maumivu, na hutikisa mkia kwa mtu anayempenda hata siku ya mwisho. Maumivu yake hujificha kwingine: anahema haraka ilhali hakuna joto, analamba sehemu moja saa nzima, anabadilisha mahali pa kulala mara kumi usiku, anasita mbele ya ngazi mbili alizokuwa akiziruka. Gari linapofika getini ananyanyua kichwa tu.

Katika nyumba zetu, anayeona mambo hayo mara nyingi si mwenye mbwa. Ni mlinzi anayekaa naye kuanzia magharibi hadi alfajiri, ni dada wa kazi anayempikia ugali na dagaa na kuona sahani ikirudi nusu, ni mtoto anayemsugua tumbo. Baba wa nyumba hutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, akamkuta mbwa amejikaza kumpokea, naye akaamini hali ni nzuri. Uamuzi wa kumuaga ukifanywa bila kumsikiliza mlinzi, umefanywa bila nusu ya ushahidi. Muulize: usiku uliopita alilala? Alinguruma ulipomgusa? Aliamka mwenyewe kwenda haja?

Kuzipima siku

Daktari Mmarekani Alice Villalobos, bingwa wa saratani za wanyama, alitoa mwaka 2004 kipimo rahisi kinachotumika sasa katika nchi nyingi. Kina mambo saba: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi wa mwili, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema bado ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, ambapo 10 ni hali nzuri kabisa. Jumla ikizidi 35, matunzo ya nyumbani yana maana. Ikishuka chini ya hapo, mazungumzo na daktari yasicheleweshwe.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba kinavunja swali moja zito kuwa maswali saba mepesi, na kila mtu nyumbani anaweza kuyajibu. Kinamlinda pia mwenye mbwa dhidi ya moyo wake mwenyewe. Mbwa akiamka na nguvu Jumapili moja, sote husahau Jumatatu hadi Jumamosi. Alama zikiandikwa kila jioni kwenye kalenda ya ukutani, Jumapili hiyo inaonekana ilivyo: siku moja njema kati ya saba.

Afadhali pia familia ikubaliane mapema juu ya mstari wake. Chagua mambo matatu ambayo mbwa huyu, kwa tabia yake, aliyapenda kuliko yote: kuzunguka ua asubuhi, kulala miguuni pa bibi, kubweka muuza mboga akipita. Mawili yakishatoweka bila kurudi, daktari aitwe. Mstari unaochorwa akili ikiwa imetulia ni wa kuaminika kuliko unaotafutwa katika hofu.

Kwa nini mapema kidogo

Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kumkatisha mnyama siku alizopewa. Hoja hiyo ina uzito, na ni haki kwa anayeishikilia kuzungumza na sheikh au mchungaji wake. Jibu langu ni kwamba katika saratani iliyosambaa, siku za mwisho kabisa haziongezi maisha aliyoyafahamu mbwa huyo. Zinaongeza mfupa uliovunjika, tumbo lililojaa damu, pumzi isiyotosha. Ukichelewa wiki moja, unampa maumivu ya wiki nzima ambayo hawezi kuelezwa sababu yake. Ukiwahi wiki moja, unampunguzia siku chache za wastani. Makosa haya mawili hayalingani, na mwenye kupenda achague lile linalomwelemea yeye mwenyewe badala ya lile linalomwelemea mbwa.

Kwenye pwani yetu wako wanaoona aibu kuwa na huzuni hii, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi. Sheria ya twahara haikufuta huruma. Hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim inamsimulia mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake.

Huruma hiyo hiyo inakataza njia za mkato ambazo bado zinatumika: sumu kwenye nyama, rungu, au kumpakia mbwa kwenye gari na kumtupa mbali. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sura ya 360 dhidi ya ukatili kwa wanyama. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mbwa aliyelinda usingizi wa nyumba kwa miaka hastahili kufa kwa degedege nyuma ya ghala.

Siku yenyewe

Kinachotokea siku hiyo kielezwe kwa kila atakayekuwepo, kwa sababu mshtuko hutokana na kutojua. Daktari huanza na sindano ya kutuliza, na ndani ya dakika chache mbwa husinzia. Kisha hunyoa sehemu ndogo ya mguu wa mbele, akatafuta mshipa na kuingiza pentobabitali, dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa mno. Fahamu hupotea kwanza, kisha pumzi, kisha moyo, kwa kawaida ndani ya dakika moja au mbili. Macho hubaki wazi. Misuli huweza kutikisika, kifua kikavuta pumzi moja au mbili za mwisho, na mkojo ukatoka. Wakati huo mbwa hahisi tena chochote.

Muulize daktari mapema atatumia dawa gani. Zipo dawa nyingine zinazosimamisha moyo, lakini hizo zinakubalika pale tu mbwa ameshapoteza fahamu kabisa kwa dawa kamili ya usingizi. Pentobabitali hubaki ndani ya nyama ya mzoga, hivyo kaburi liwe la kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima. Mbwa wengine na tai wakifukua, nao hufa.

Watoto waambiwe ukweli kwa maneno ya wazi: aliugua, ugonjwa haukuwa na tiba, daktari amemsaidia kufa bila maumivu. Mtoto aliyeambiwa kwamba mbwa “amelazwa” anaweza kuogopa kulala. Anayedanganywa kwamba amepelekwa shamba atamngojea. Na mtu mzima anayelia asiambiwe kwamba ni mbwa tu. Mwaka 1989 Mmarekani Kenneth Doka aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui, akaeleza kwamba kukosa ruhusa ya kuomboleza huongeza mzigo wa msiba. Mpe na mlinzi nafasi yake: wengi wao hupoteza mwenzao wa zamu na hawaulizwi hata siku moja kama wameumia.

Kwa aliyepata majibu mabaya wiki hii, kazi ya kuanzia si kubwa. Mpigie daktari simu na umuulize kama huja nyumbani, anapatikana siku zipi, na dawa huwa anayo au huiagiza. Bandika namba yake mahali mlinzi anapoiona. Kaa na watu wa nyumbani, mkubaliane juu ya mstari wenu, kisha anzeni kuandika alama za jioni. Mkishafanya hivyo, muda uliobaki hauliwi tena na swali la lini. Mnaweza kuutumia kuwa naye.