Pembetatu Isiyo na Mkia

Ndege yetu ya kwanza haikukaa hewani hata sekunde tano. Ilitoka mkononi mwetu, ikainua pua, ikazidi kuiinua mpaka ikasimama wima, kisha ikajipindua chali na kushuka kwa kichwa katika udongo wa shamba la mkonge lililokwisha kuvunwa, nje kidogo ya mji wa Tanga. Mpwa wetu, kijana wa miaka 14 aliyeshika rimoti, hakusema neno. Alizima mota, akachomoa betri, ndipo akaanza kuokota vipande na kuvipanga juu ya kanga ya mama yake tuliyokuwa tumeifungia ndege hiyo njiani.

Waliotuona katika likizo ile ya Juni tukiondoka baada ya swala ya Alfajiri, na pembetatu kubwa nyeupe begani, walituuliza ni kitu gani kile. Wengine waliuliza kama watoto wao nao wanaweza kuunda cha namna hiyo. Makala haya ni jibu kwao. Ni malipo ya deni vilevile, nalo tutalieleza mahali pake.

Chombo chenyewe ni ndege ndogo inayoongozwa kwa mawimbi ya redio, na umbo lake ni lile liitwalo delta, kwa jina la herufi ya Kigiriki yenye sura ya pembetatu. Haina kiwiliwili kilichochomekwa mabawa huku na huku, wala haina mkia. Ndege nzima ni bawa moja. Mhandisi wa Kijerumani Alexander Lippisch alirusha ndege za umbo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wasomaji wa umri mkubwa wataikumbuka Concorde, ambayo ilianza kubeba abiria mwezi wa Januari 1976, mojawapo ya safari zake za siku ya kwanza ikiwa ni ile ya kutoka London hadi Bahrain.

Kijana alilichagua umbo hili kwa hoja ya fundi asiye na karakana. Bawa la kawaida lina mgongo uliopinda, na kuupata mpindo huo kwa wembe na rula ni kazi ya kumkatisha mtu tamaa. Pembetatu hukatwa kwa mikato mitatu iliyonyooka.

Alitumia ubao wa povu wenye karatasi pande zote mbili, unene wa milimita 5, ule ambao mafundi wa mabango hubandikia picha. Kutoka puani hadi ukingo wa nyuma ulikuwa sentimita 60, na upana wa ukingo huo sentimita 90. Povu peke yake hujikunja, kwa hiyo alichimba mifereji miembamba kwa wembe, akalaza humo vijiti vya mishikaki na kuvifunika kwa gundi ya moto. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa dada yetu siku alipotaka kuchoma mishikaki. Spoki za baiskeli zilikuwa vyuma vya kusukumia. Nyuma alisimamisha mapezi mawili ya povu, ili pua isiyumbe kushoto na kulia.

Vya kununua vilikuwa vichache: mota ndogo isiyo na brashi pamoja na rafadha yake, ambayo ni mfano wa pangaboi lenye mapanga mawili, kidhibiti cha mwendo wa mota, servo mbili za gramu 9 kila moja, rimoti na kipokezi chake, na betri ya lithiamu ya volti 11.1. Betri hiyo ilinunuliwa kwa fedha ambazo dada yetu alizipata kwa cherehani yake. Tunalitaja jambo hilo kwa makusudi.

Ndege isiyo na mkia huongozwaje? Ukingo wa nyuma hukatwa vibao viwili, cha kulia na cha kushoto, vinavyocheza juu ya bawaba ya selotepu. Mafundi huviita elevoni. Vikiinuka vyote viwili, pua hupanda. Vikiinama vyote, pua hushuka. Kimoja kikiinuka na mwenzake akainama, ndege hulala upande na kugeuka. Rimoti ndiyo huchanganya amri hizo mbili. Mtu akikosea kuunganisha, ndege humwendea kinyume, na kwa sababu hiyo kijana alizoea kusimama nyuma ya ndege kila asubuhi kabla ya kurusha, akisukuma usukani wa rimoti huku na huku na kuvitazama vibao vyake vikiitikia.

Jioni moja, gundi ikisubiriwa ikauke, tulimsimulia habari za Abbas ibn Firnas wa Cordoba, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 887 Miladia, sawa na 274 Hijria. Al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasimulia kuwa bwana huyo alijivika manyoya, akajifanyia mabawa, akaruka masafa ya kutajika. Alipotua aliumia mgongo. Sababu inayotajwa ni kwamba hakujitengenezea mkia, naye hakuwa amezingatia kwamba ndege wa angani hutua kwa msaada wa mkia wake. Tulimtajia pia al-Jawhari, mwenye kamusi ya as-Sihah ambayo kila aliyesoma lugha ya Kiarabu chuoni analijua jina lake. Wasimulizi wanasema alikufa kwa kujitupa kutoka paa la msikiti huko Nishapur akiwa na mabawa ya mbao. (Wazee wa kamati yetu wana wasiwasi wa kutosha na watoto wanaopanda darini kufuata mpira, kwa hiyo kisa hiki hatujakisimulia mbele yao.)

Kijana alisikiliza, kisha akauliza swali tulilopaswa kulitegemea: “Mjomba, mbona yetu nayo haina mkia?”

Jibu alilipata mwenyewe kwa siku mbili za hesabu. Mkia katika ndege ya kawaida hurudisha pua mahali pake upepo unapoisukuma. Ndege isiyo na mkia hupata sehemu kubwa ya msaada huo kutokana na mahali uzito wake ulipo. Upepo ukiinua pua, bawa hunyanyuliwa kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo ya ziada huweza kuhesabiwa kana kwamba inasukuma katika nukta moja. Kwa bawa la pembetatu kamili, nukta hiyo huwa karibu na nusu ya urefu wake. Kwa letu, sentimita 30 kutoka puani. Uzito ukikutana mbele ya nukta hiyo, nguvu ya ziada husukuma upande wa nyuma kwenda juu na pua hurudi chini. Uzito ukikutana nyuma yake, nguvu ileile huizidisha pua kupanda, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyosukumwa zaidi. Ni kama mshale: chuma chake hukaa mbele, na hakuna awindaye kwa mshale wenye chuma nyuma. Vibao navyo huachwa vimeinuka milimita mbili au tatu, ili pua isizame kwa uzito ulio mbele.

Tulikuwa tumempa daftari kubwa aandike kila hatua. Kazi yetu katika kamati ni mihtasari, na mtu wa kazi hiyo hudhani kuwa jambo lisiloandikwa halikutokea. Humo aliandika kwamba uzito ukutane sentimita 25 kutoka puani. Ili kufika hapo, betri, iliyo nzito kuliko kitu kingine chochote ndani ya ndege, ilipaswa kukaa mbele kabisa, nyuma tu ya mota, na kwa ajili yake litobolewe dirisha katika povu.

Hapa ndipo lilipo deni.

Dirisha lile hatukulipenda. Tuliliona baya, tukaogopa kuwa litadhoofisha pua. Tuliona vilevile, bila kuhesabu chochote, kuwa mizani husimama sawa inaposhikwa katikati, basi kitu kizito nacho mahali pake ni katikati. “Weka hapa, mwanangu,” tulimwambia, tukigusa kitovu cha pembetatu. Alisema mara moja tu kwamba hesabu inataka mbele. Tulirudia kauli yetu. Akasema, “Sawa, Mjomba,” akaifunga pale tulipogusa. Tulipoibeba ndege kwa ncha za vidole viwili, ilisimama sawasawa sentimita 33 kutoka puani. Tulifurahi kuwa imesimama sawa, wala hatukuuliza imesimama wapi.

Yaliyotokea shambani tumekwisha kuyasimulia. Nyumbani dada yetu alituandalia chai, akauliza kulikoni. “Nimekosea kuiongoza, Mama,” akajibu mwanawe. Nasi tulikuwapo, kikombe mkononi, tukanyamaza. Tulijiambia kuwa si wakati wake.

Siku ya nne tuliliomba daftari ili tunakili vipimo vya bawa jipya. Katika ukurasa wa mwisho tulikuta tarehe, na chini yake: “Sekunde 4. Sababu: kosa la rubani.” Tulifunua kurasa za nyuma. Ile hesabu ya 25 ilikuwapo, safi, na mbele yake maneno mawili tu, “Mjomba: katikati”, bila alama ya kuuliza wala ya kushangaa. Tumesoma miaka mingi mbele ya masheikh, na tumekaa katika vikao vingi vya kusuluhisha watu. Ukurasa ule ulitutia haya kuliko kikao chochote tulichokaa.

Tulikata mstari juu ya neno “rubani”, tukaandika “mjomba” kwa wino, tukatia sahihi na tarehe kama ifanywavyo muhtasari unaposahihishwa. Kisha tulimwita dada yetu, tukamweleza mbele ya mwanawe kosa lilikuwa la nani na kwamba chai ile tuliinywa tukiujua ukweli. Hakutukemea. “Basi betri nyingine utanunua wewe,” akasema, akarudi kwenye cherehani. Kijana alikuwa akitazama sakafu. Baadaye kidogo aliuliza kama sasa anaweza kutoboa dirisha.

Suala la betri lilikuwa la kweli, kwa kuwa ile ya kwanza ilibonyea katika anguko na kuanza kuvimba. Wazazi wanaotaka kuwaruhusu watoto kazi hii waelewe kuwa betri za lithiamu za aina hii si kama za saa ya ukutani. Iliyobonyea au kuvimba huweza kuwaka moto, na haichajiwi tena kamwe. Yetu ilitolewa nje siku ileile na kuwekwa katika ndoo ya mchanga. Iliyo nzima huchajiwa kwa chaja yake maalumu, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, na mtu mzima akiwa macho hapo. Rafadha nayo hukata kidole, kwa hiyo betri huunganishwa mwisho, ndege ikiwa imeshikwa na nyuso ziko nyuma yake. Jambo jingine ni ruhusa: vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani yake husimamiwa hapa nchini na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na mzazi aulize huko kabla ya kununua hata servo moja. Karibu na kiwanja cha ndege, au juu ya watu na nyumba, hakurushwi kitu.

Bawa la pili lilichukua siku tatu, kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea. Betri ilikaa dirishani mwake nyuma ya mota, na vidole viwili vikaonyesha sentimita 25 na nusu. Kijana alitaka nusu ile iondoke pia, akasogeza kidhibiti mwendo mbele kidogo. Wakati akifanya hivyo tulimweleza habari moja ya Concorde aliyoipenda kuliko ya Ibn Firnas: ilipovuka mwendo wa sauti, nukta ya nguvu za bawa ilirudi nyuma, na kwa kuwa abiria hawawezi kuambiwa wahamie viti vya nyuma, wahudumu wa chumba cha marubani walihamisha mafuta kwa pampu kutoka matangi ya mbele kwenda la nyuma, walipopunguza mwendo wakayarudisha mbele. “Kumbe nao walikuwa wanasogeza betri,” akasema.

Tulirudi shambani Jumamosi iliyofuata, jua likiwa bado chini na kusi haijaamka. Tuliishika chini ya tumbo, tukangoja aseme. “Sasa, Mjomba.” Tuliisukuma mbele, si juu, kama alivyotuagiza. Ilishuka kiasi cha dhiraa moja, moyo ukatupotea, kisha ikajishika yenyewe na kwenda moja kwa moja juu ya matuta, ikilia kama nyuki. Kwenye mstari wa minazi aliilaza kulia. Ilipogeuka tuliiona yote kwa mara ya kwanza kutoka chini, pembetatu nyeupe yenye kivuli cha betri puani.

Aliizungusha mara sita. Mara ya saba alipunguza mota na kuileta kuelekea kwetu, pua ikiwa imeinuka kidogo, kama bata anayetua majini. Ilikuwa imebaki kimo cha goti ilipogonga kisiki cha mkonge kwa pezi la kushoto, ikazunguka nusu duara na kukaa.

Alizima mota, akachomoa betri, akaigeuza ndege na kuikagua. Kisha alikaa chini palepale, akafungua daftari na kuandika, nasi tukasoma juu ya bega lake: dakika 4 na sekunde 10, pezi la kushoto limevunjika, sababu, kisiki. Akatuuliza kama gundi imebaki nyumbani.