Monte Cristo ni Kitabu ya Mbogi

Kuna vitabu za kusoma solo na kuna vitabu za mbogi. The Count of Monte Cristo, ile ya Alexandre Dumas, ni ya mbogi. Msee akikushow ameimaliza pekee yake kejani bila kubishana na mtu, mpe heshima yake alafu umsikitikie.

Cheki size kwanza. Iko na chapta 117. Ile ya Penguin, yenye Robin Buss alitafsiri 1996, inapita kurasa 1,200. Panda nayo mat Kitale ukienda Bungoma, iweke kwa magoti, na kabla mfike Kiminini makanga atakuwa ameshauliza kama hiyo ni Biblia ama ni mzigo ya kulipiwa. Sisi tuko na kopi moja tu kama hiyo. Inasafiri kama pasel, inapita Kamukuywa, inapita Webuye pale kiwanda ya karatasi, inafika Bungoma imekunjwa kona. Wengine wote tunasoma kwa simu. Tafsiri ya Kingereza ya 1846 iko bure kwa Project Gutenberg, unaishusha na bando ya mbao na chenji inabaki.

Hizo kopi mbili hazisemi kitu moja, na hapo ndio ngori ya kwanza ilitoka. Waingereza wa enzi hizo walikuwa na aibu mob. Mahali Dumas ameongea wazi kuhusu bangi, ama kuhusu Eugénie Danglars na vile anampenda beshte yake wa kike, wao wamepunguza moto. Kwa hivyo msee wa kitabu anacheka, msee wa simu anauliza "mnacheka nini, yangu haina hiyo," na base yote inasimama mpaka isomwe kwa sauti.

Mbogi yenyewe ni mchanganyiko. Upande wa Kitale kuna fundi wa simu, kuna msee wa agrovet, kuna konda. Bungoma kuna tichee wa BOM, kuna dem anasomea ualimu Kibabii, na wengine wawili watatu wenye wanakuja wakiskia kuna chapo. Siku ya Kitale tunakaa kibandaski nyuma ya steji, madondo ikichemka. Siku ya Bungoma ni maeneo ya Kanduyi. Katikati ya wiki ni voisi za WhatsApp, na zingine ni ndefu kuliko chapta yenyewe.

Watu hudhani kusoma kitabu vipande vipande ni uvivu. Lakini hii stori ilizaliwa hivyo. Ilitoka kwa gazeti ya Paris, Journal des Débats, kuanzia 28 Agosti 1844 hadi 15 Januari 1846. Msomaji alikuwa anapewa kakipande, kanakatika mahali patamu, anabaki akikuna kichwa na majirani mpaka ingine itoke. Dumas na mwenzake Auguste Maquet, mwenye alikuwa anamsaidia kuchora ploti, walikuwa wanajua hiyo vizuri sana. Ndio maana kila chapta inaisha na mtu amegonga mlango, ama barua imefika, ama msee amegeuka rangi. Ukiimeza yote wiki moja, hizo milango zinaanza kukuboo. Ukingoja siku nne na wasee wako hujui nani amegonga, unaweza kosa usingizi.

Stori ikianza, Edmond Dantès ni chali wa miaka 19, baharia. Meli ya Pharaon inaingia Marseille tarehe 24 Februari 1815. Kapteni amededi njiani, na mdosi wa meli, Morrel, anataka kumpea Dantès hiyo kazi. Mresh anaitwa Mercédès, harusi iko karibu, mzae wake bado ako hai. Yaani morio ameomoka kabla ndevu zishike. Sasa wewe unajua mtaa. Danglars, mtu wa hesabu za meli, anaandika barua ya kumchoma, na anaiandika na mkono ya kushoto ndio mwandiko isijulikane. Fernand, mwenye anammezea Mercédès mate, anaipeleka posta. Na jirani yao, Caderousse, ako hapo kwa meza, amelewa chakari, anaona kila kitu. Ananyamaza.

Halafu kuna Villefort, msee wa mashtaka. Huyu anamhoji Dantès, anaona kijana ni msafi kabisa, anakaribia kumwachilia. Kumbe kuna barua ingine Dantès alikuwa amebebeshwa, na imeandikiwa baba ya Villefort mwenyewe. Barua inachomwa, kijana anatupwa Château d'If, jela ya kisiwani. Hakuna kesi, hakuna bondi, hakuna kuambiwa umefanya nini. Miaka 14.

Hapo Bungoma hawakunyamaza. Ukitaja jela ya mbali pembeni ya bahari, kwa nyumba za Wabukusu kuna jina moja linaingia kabla chai ipoe: Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Mkoloni alimpeleka Mathari kwanza, akidai jamaa ni mgonjwa wa akili, alafu 1948 akamfukuza mpaka Lamu. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka 10. Tichee wa BOM alikuwa na hiyo stori yote kutoka kwa guka yake. Mtu wa milimani, wa upande wa Mlima Elgon, anaamka anaona bahari na anajua imewekwa hapo kumzuia. Hiyo siku hatukufika mbali na kitabu, na hakuna mtu alilia. Nilikuwa nimesoma hizo kurasa nikiwa peke yangu na sikuwa nimeona kitu.

Mimi naona sehemu ya jela ndio moyo wa kitabu, na siongelei tu vile Dantès anahepa. Naongelea yule mzee, padri Faria. Amechimba handaki miaka akitafuta njia ya kutoka, hesabu imemkosea kidogo, anatokea kwa seli ya Dantès. Badala ya kuparara, anaanza kumfunza: hesabu, historia, lugha. Dem wa Kibabii akasema hiyo ndio yuni pekee haina karo wala HELB. Na ni Faria mwenye anamuuliza swali rahisi: nani alifaidika wewe ukishikwa? Dantès amekaa kwa giza miaka na hajawahi jiuliza. Kwa maswali mbili tatu mzee anamfungulia faili yote. Alafu mzee anajuta, juu anaona ameweka kisasi kwa roho ya kijana mwenye hakuwa nayo.

Faria akidedi, Dantès anaingia kwa gunia ya maiti mahali pake. Hiyo chapta ilisomwa na konda, Kitale, kwa sauti, na alikuwa ameamua yeye ni DJ Afro. Kama umekulia Kenya unajua DJ Afro, yule msee wa kutafsiri muvi mpaka stelingi anaongea kama mtu wa mtaa wako. Konda akaleta hiyo moto yote. Dantès amelala kwa gunia anadhani anaenda kuzikwa, amejipanga kuchimba atoke. Wale walinzi wanamfunga kitu nzito kwa miguu, wanambeba, anaskia upepo, anaskia mawimbi. Kumbe makaburi ya hiyo jela ni bahari. Wanamrusha na chuma ya ratili 36 imefungwa kwa miguu. Mathe wa chapo alikuwa amesimama na mwiko mkononi, chapo inaungua, na akauliza swali yenye hatukuwa tumefikiria: "Na huyo kijana alikuwa anajua kuogelea?" Konda akamwambia mathe, huyo ni baharia. "Sawa," akasema, "endelea."

Lazima nikuonye kuhusu Roma. Dantès akishapata hazina kwa kisiwa ya Monte Cristo, akishasaidia familia ya Morrel, Dumas anakutoa kwa hiyo moto yote anakupeleka Roma na vijana wawili wa kishua, Albert na Franz. Ni kanivali, ni magari ya farasi, ni stori ya majambazi. Hapo ndio mbogi nyingi hufa. Yetu ilikaribia kufa vibaya, juu ilifika Roma wakati wa kuvuna, na Trans Nzoia ikianza kuvuna mahindi kuanzia Oktoba hakuna mtu ana masaa ya kanivali. Bungoma nao wana msimu wao. Agosti ya mwaka wa kutahiri, njuga zikilia usiku kucha na brathe yako mdogo ako karibu kusimama mbele ya kisu, mtu akikuuliza Franz amesema nini utamtukana.

Kile kilituokoa ni sheria moja: hakuna kuruka, lakini ukikosa, mtu anakusimulia. Msee wa agrovet alipewa Roma yote kwa voisi akiwa kwa foleni ya mbolea, na mpaka leo ndio sehemu anakumbuka vizuri kutuliko.

Na usiruke Roma, tafadhali. Yule jambazi, Luigi Vampa, anarudi mwisho. Danglars, mwenye sasa amekuwa baroni na mwenye benki, anahepa na pesa za watu, anajipata kwa pango ya Vampa. Hakuna mtu anamchapa. Anaskia njaa tu. Anaitisha kuku, kuku inaletwa, anaambiwa bei: faranga 100,000. Bungoma ilisimama. Hii ni nchi ya ingokho. Mgeni akija kuku inachinjwa na hakuna mtu anaulizwa bei. Mzee mmoja mwenye alikuwa amekaa tu karibu, hata si wa grupu, akasema, "Omwana wefwe, hata kama ni ya kienyeji!" Hiyo adhabu iliwaingia kuliko jela yote ya Villefort. Msee wa Ufaransa alicheka hiyo sehemu juu ya benki. Sisi tulicheka juu ya kuku, na sioni kama Dumas angekasirika.

Kitu ingine yenye wengi hatukuwa tunajua ni kwamba Dumas ana damu ya huku kwetu. Nyanya yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa mweusi kwa kisiwa yenye leo inaitwa Haiti. Mtoto wake, Thomas-Alexandre, akapanda mpaka akawa jenerali wa jeshi ya Ufaransa. 1799 akashikwa Italia, upande wa Naples, akafungiwa karibu miaka 2, akatoka afya imeisha. Akadedi 1806, mtoi wake Alexandre hajafika miaka 4. Tom Reiss ameandika kitabu nzima kuhusu huyo jenerali, ilitoka 2012. Ukishajua hiyo, hizo kurasa za jela unazisoma na macho ingine. Ufaransa ilikuja kumhamisha Dumas mpaka Panthéon, kwa mashujaa wao, 2002, miaka 132 baada ya kudedi. Fundi wa simu akauliza kama hiyo pia inahesabiwa kisasi.

Yeye ndio shabiki mkubwa wa chapta ya telegrafu. Count, yaani Dantès na jina yake mpya, anaenda kwa mnara ya kutuma ishara, anakuta mzee analipwa faranga 1,000 kwa mwaka, na roho yake yote iko kwa kashamba kadogo chini ya mnara, na panya fulani wanamalizia matunda. Count hamtishi. Anaongea naye kilimo kwanza, pole pole, vile mtu wa Kitale angefanya. Alafu anamhonga 25,000 atume ujumbe moja ya uongo. Soko inatetemeka, Danglars anauza hasara. Hiyo iliandikwa kabla ya simu, kabla ya redio, na fundi anasema yeye huona hiyo kitu kila wiki kwa simu zenye analetewa.

Next tumeshaamua, baada ya vita. Upande moja ulitaka ndefu ingine. Mimi nilisukuma Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, kitabu fupi: kijana anatoka Tanga kumsaka baba yake, na safari inamleta Kitale. Walibora ni wa hapa, amezikwa Trans Nzoia, Aprili 2020. Wengi wetu tulimjua na Kidagaa Kimemwozea juu ilikuwa ya mtihani, na kitabu ya mtihani unaisoma ukitafuta maswali. Nataka tumsome bila mtu wa kutupea maksi. Dem wa Kibabii amekubali, kwa sharti moja: konda asiguse hiyo sauti ya DJ Afro mpaka kijana avuke mpaka wa Kenya.

Lakini Monte Cristo haijafungwa. Bado kuna kesi ya Caderousse. Mimi nasema huyo ndio mbaya zaidi ya wote, juu Danglars alikuwa na wivu, Fernand alikuwa na mapenzi, Villefort alikuwa na hofu. Caderousse hakuwa na chochote, alinyamaza tu. Tichee anasema nimekosea: maskini mlevi kwa meza ya wadosi, angeenda kuripoti wapi, na nani angemskia? Jana usiku ametuma voisi ya dakika kumi na moja. Nimeskia sita, na tayari niko na majibu.