Bei ya bato: tunalipia nini?

Katika mkutano wetu wa juma lililopita likelemba ilimalizika upesi. Kilichotuchelewesha ni bato. Binti wa mwenzetu mmoja anaolewa Goma katikati ya mwezi wa kumi na mbili, na kikundi chote kimealikwa: mama kumi na wawili, vikwembe vya namna moja, sufuria kubwa ya zawadi na nyimbo zetu. Kila mtu alikuwa na furaha, mpaka mama mweka hazina alipofungua daftari lake akasoma bei za safari.

Alikuwa ameshuka bandarini asubuhi ile, akauliza mlango kwa mlango. Kano rapidi: dola 50 kwa mtu, kwenda tu. Bato kubwa la usiku, daraja la tatu: dola 10. Boti la mbao linalobeba mizigo, ambapo abiria anakaa juu ya magunia: dola 5, na ukijuana na mwenye mizigo, hata chini ya hapo. Hizo ni bei alizopewa siku ile. Wewe ukienda, uliza upya. Barabara hakuna aliyeitaja. Mapigano ya upande wa Sake yalikuwa yamefunga njia ya Minova kwenda Goma tangu mwezi wa pili 2024, na hata kabla ya vita tulijua namna njia ile inavyovunja mgongo.

Mama mmoja akasema: "Mwalimu, makuta yote hayo ya kano, si tununue nayo kikwembe cha pili?" Mwingine akaongeza: "Ziwa ni moja. Wa dola 50 na wa dola 5 wataonana Goma." Watu wakacheka. Mimi nilicheka nusu, na nitaeleza baadaye kwa nini.

Halafu mama wa tatu akatoa simu yake. Mdogo wake aliye Kanada amemtumia picha za meli ya starehe aliyopanda baharini na mume wake. Mama, meli ile si meli, ni mtaa mzima! Ina mabwawa ya kuogelea, mahoteli, watoto wanateleza kwenye maji juu kabisa. Iliyokuwa kubwa kuliko zote mwaka 2024, Icon of the Seas, ilianza safari mwezi wa kwanza mwaka ule. Ina urefu wa mita 365 hivi na inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Mdogo wake amelipa zaidi ya dola elfu moja kwa juma moja. "Na wanakwenda wapi?" tukauliza. Wanazunguka, wanashuka kidogo kwenye kisiwa, wanarudi palepale walipotokea. Hapo mama mwenyekiti alishindwa kujizuia: "Elfu moja ili urudi ulipotoka! Afadhali anitumie, nitamzungusha Idjwi."

Tulicheka sana. Lakini nilipofika nyumbani picha zile hazikunitoka, kwa sababu zinaeleza jambo linalotuhusu sisi kabisa.

Yule dada wa Kanada alipokuwa anafikiri kama safari inastahili bei yake, alifikiri chumba chenye dirisha au kisicho na dirisha, chakula, na siku ngapi. Hakukaa akijiuliza kama atafika. Katika meli ya namna ile, mwenye chumba cha chini kabisa, kisicho na dirisha, ana jile yake na nafasi yake katika mashua ya kuokolea, na abiria wote wanafundishwa pa kukimbilia. Si kwa sababu wenye meli wana huruma. Mwaka 1912 Titanic ilizama ikiwa na watu kama 2,200, na mashua zake zilikuwa na nafasi 1,178 tu. Walikufa watu kama 1,500. Katika wanawake wa daraja la kwanza karibu wote waliokoka. Katika wanawake wa daraja la tatu, hawakufika hata nusu. Kwa hiyo siku zile bei ya tike iliamua nani ataishi. Mwaka 1914 mataifa yalikutana London wakaandika mapatano juu ya usalama wa meli, na mapatano hayo, yaliyorekebishwa mara nyingi, yanafuatwa mpaka leo. Ndiyo maana leo dada yule analipia starehe peke yake. Usalama umekwisha kuwekwa ndani ya kila tike, ya ghali na ya rahisi.

Hapa kwetu sivyo. Kwenye ziwa Kivu tike ndiyo inayonunua usalama, au inauacha nyuma bandarini.

Hakuna kati yetu aliyesahau tarehe 3 ya mwezi wa kumi 2024. Bato Merdi lilitoka Minova likizama karibu kabisa na kufika bandari ya Kituku, Goma. Haukuwa usiku, haikuwa dhoruba. Watu waliokuwa ufuoni waliona kwa macho yao, na sote tuliona kwenye simu. Gavana wetu wa Kivu Kusini alisema lilikuwa na abiria 278, na kwamba wasiopungua 78 walikufa; hesabu zilizotolewa baadaye zilipishana. Wengi walipanda pale kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na hawakuwa na njia nyingine. Kabla ya hapo, mwezi wa nne 2019, boti lilizama upande wa Kalehe, na watu kama 150 walitajwa kuwa wamepotea. Rais Tshisekedi alifika, akaagiza kila abiria avae jile. Nani kati yetu hajapanda chombo bila jile tangu siku ile?

Nimesikia mama wakisema ni bahati mbaya, au ni maji yanayotaka watu. Mimi ni mwalimu, mnisamehe, nitawapa zoezi la jikoni. Jaza beseni maji. Weka bakuli jepesi lielee. Tia viazi viwili ndani, bakuli linakaa vizuri. Lisukume kidogo, linayumba na kurudi. Sasa panga viazi mpaka juu ya ukingo, kimoja juu ya kingine, na usukume kidogo vilevile. Viazi vya juu vinahamia upande mmoja, bakuli haliwezi kurudi tena, limepinduka. Maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni uzito na mahali ulipokaa. Abiria wakikaa juu ya magunia, wao ndio viazi vya juu. Na bandari ikionekana, kila mtu anasimama kuchukua mizigo na kuangalia upande mmoja. Wenzetu wa Tanzania wanalijua hilo: tarehe 20 mwezi wa tisa 2018, kivuko MV Nyerere, kilichotakiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara, ziwa Victoria, wakafa watu 228. Walikuwa wamekwisha fika, mtu anaweza kusema.

Sasa turudi kwa daftari la mama mweka hazina. Nilipiga hesabu usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto. Sisi kumi na wawili, kwenda na kurudi: boti la mizigo dola 120, bato kubwa dola 240, kano rapidi dola 1,200. Tukiangalia bei ya kwanza na ya mwisho tu, tunaona ni vita ya maskini na tajiri, na maskini anachagua magunia kwa hasira. Lakini tuangalie mapengo yaliyo katikati. Kutoka boti la mizigo mpaka bato kubwa ni dola 120 kwa kikundi, yaani dola 10 kwa kila mama. Kutoka bato kubwa mpaka kano ni dola 960, yaani dola 80 kwa kila mama.

Pengo lile dogo linanunua nini? Chombo cha chuma, jina lako kuandikwa kwenye orodha ya abiria, na jile. Pengo kubwa linanunua kiti laini na masaa: unafika mchana uleule badala ya kulala njiani ukisikiliza injini na watoto wa watu. Mfanyabiashara ambaye masaa yake yana bei, alipe. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali, alipiwe. Sisi tunaokwenda kuimba kwenye ndoa, dola 80 ni mtaji mzima wa sambaza kwa baadhi yetu. Siwezi kuwaambia mama wazitoe ili wafike kabla ya wengine.

Ila dola 10 zile sitaki kuzisikia zikijadiliwa tena.

Hapa niseme kwa nini sikucheka vizuri. Miaka minane iliyopita nilikwenda kumwona shangazi yangu kwa boti la mizigo. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Nilitaka kubakiza dola chache kwa minervali ya mdogo wangu, na kweli nilizibakiza. Nilikaa juu ya magunia ya muhogo. Jile zilikuwepo, niliziona: zimefungwa kwa kamba chini ya magunia yaleyale, ili zisiibwe. Katikati ya ziwa upepo ulianza na mabaharia wakatuambia tusisogee. Hatukusogea. Nilishika tumbo nikahesabu wanafunzi wangu kwa majina ili nisipige kelele. Tulifika, nikanunua ndizi, nikasahau. Yule mtoto sasa yuko darasa la pili, na tangu Kituku ninamwangalia akilala.

Kuna jambo lingine ambalo bei haisemi. Bato kubwa pia linaweza kujazwa kupita kiasi, hasa karibu na Noeli, na tike ya ghali haipunguzi watu walio chini yako. Tukiona magunia yamezuia ngazi, au jina letu haliandikwi, au jile hazitoshi, tutarudi nyumbani na nyimbo zetu. Bibi arusi atatusamehe. Tena jile za watu wazima hazimfai mtoto mchanga, zinamtoka kichwani. Mwenzetu anayenyonyesha itabidi aulize jile ya mtoto kabla ya kulipa, na kama hakuna, nafikiri abaki, hata kama atanikasirikia. Kwa mama yetu mkubwa, ambaye magoti yake hayamruhusu kulala kwenye benchi, niliomba kasha la kikundi limlipie kitanda. Hiyo ni starehe, nakubali. Lakini ametuimbia sote kwenye ndoa zetu.

Mkutano ulikubali bato kubwa, kwa mikono kumi. Wawili walinyamaza, na mmoja wao aliniambia pembeni kwamba hata dola 10 hizo hana. Mnajua sauti ya mama anapolazimika kusema hivyo. Tumepanga kuweka dola 2 kila juma kwa majuma matano yaliyobaki, na kwa wawili hao kasha litakopesha bila faida, warudishe baada ya sikukuu. Sufuria ya zawadi itakuwa ndogo kidogo kuliko tuliyoichagua.

Tike zitanunuliwa majuma mawili kabla ya safari. Mama mweka hazina amesema hatatuma kijana. Atashuka mwenyewe bandarini, aombe kuonyeshwa jile, na azihesabu moja moja kabla ya kufungua mkoba.