Winga wa Mtandaoni na Hesabu Yake

Ukishuka Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, ukaanza kuangaza macho kutafuta kiatu, dakika mbili hazipiti kabla kijana hajakusogelea: "Dada, unatafuta nini? Njoo nikuoneshe." Huyo ndiye winga. Hana duka wala mzigo. Mtaji wake ni kujua: duka gani lina saizi yako, muuzaji gani anapunguza bei jioni, kiatu gani kitaachia soli kabla ya mwezi kwisha. Akikufikisha ukanunua, anapata cha juu chake na siku yake imekwenda.

Mwandishi wa blogu anayepewa kiungo na mwenye duka ili awaelekeze wasomaji wake naye ni winga. Kila msomaji akipita kwenye kiungo hicho akanunua, mwandishi anapata kamisheni. Tofauti yao ni moja, nayo ni kubwa. Cha juu cha Kariakoo mara nyingi kinatoka mfukoni mwa mteja, lakini kamisheni hii inatoka kwenye faida ya muuzaji na bei ya mteja inabaki ileile. Amazon ilianza kuwalipa watu kwa mtindo huu Julai 1996, na leo maduka ya mtandaoni dunia nzima yanautumia. Wenyewe wanauita afilieti.

Nimeandika blogu ya mapishi kwa miaka kadhaa, na ushirikiano wangu wa kwanza ulikuwa na duka moja la vyombo hapa Dar es Salaam. Tulikubaliana asilimia 10. Niliandika kuhusu sufuria zao kwa moyo wote, maana kweli ni sufuria nzuri: wali unaiva bila kushika chini. Baada ya miezi mitatu nikaletewa taarifa. Sufuria mbili! Na mimi nilikuwa na ujumbe wa wasomaji karibu 30 kwenye simu yangu, mwingine na picha kabisa: "Dada, sufuria nimeipata, ahsante."

Sikulala usiku ule. Asubuhi nikampigia msomaji mmoja nikamwomba anisimulie alivyonunua. Alifungua kiungo changu, akaiona sufuria, akaona na namba ya WhatsApp ya duka. Akaandika salamu, akauliza bei ya mwisho, wakaelewana, akalipa kwa simu, bodaboda akaleta mzigo Tabata jioni ileile. Kwenye tovuti hakubonyeza kitu kingine tena. Mtambo wa duka ulikuwa unahesabu wale tu waliojaza kikapu na kulipia humohumo, na kwetu watu hao ni wachache. Mteja wa hapa anataka kuzungumza na mtu kabla hajatoa hela yake. Hakuna aliyekusudia kunidhulumu. Lakini jasho langu halikulipwa, nami nikaacha kuandika habari zao. Duka lile likapoteza wateja ambao halikujua hata kama linao.

Ndiyo maana nasema kwa wenye biashara wanaotaka kufanya kazi na waandishi wa blogu: anzeni na hesabu, asilimia mtazipanga baadaye. Mauzo yanahesabiwaje, nani anahesabu, na nani mwingine anaiona hesabu hiyo? Kama wateja wenu wengi wanamalizana nanyi kwa simu, kiungo peke yake hakitoshi. Mpeni kila mwandishi neno lake la punguzo, ambalo mteja analitaja anapoagiza. Mwandishi wa mapishi neno lake liwe PILAU, wa malezi liwe MTOTO. Au mfungulieni laini yake ya simu, kila anayepiga hapo ajulikane ametoka kwake. Mfundisheni na anayepokea simu awaulize wateja, "Umetusikia wapi?" kisha aandike jibu kwenye daftari. Ni kazi ya sekunde kumi.

Asilimia nayo inahitaji kalamu na karatasi. Sufuria inauzwa shilingi 60,000 na faida yake ni 15,000. Asilimia 10 ya bei ni 6,000, yaani mwenye duka ameahidi sehemu mbili katika tano za faida yake yote. Baada ya miezi miwili anachoka, anaanza kuchelewesha malipo, simu hazipokelewi. Heri angetaja 3,000 siku ya kwanza na kuilipa kila mwezi. Mwandishi anaweza kuipangia maisha hela ndogo inayokuja. Ile kubwa isiyokuja inamfanya aandike kwa kinyongo, na msomaji kinyongo anakisikia.

Wakubwa nao huvunja watu mioyo. Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, Amazon ilishusha kamisheni ya samani na vyombo vya nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka 5 hadi 1. Kuna waliokuwa wamejenga kazi yao yote juu ya kiwango kile. Tena kwao msomaji akifungua kiungo ana saa 24 tu za kuweka bidhaa kikapuni; zikipita, mwandishi hana chake. Kwa mtu anayesubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, saa 24 ni nini? Mwenye duka wa hapa anaweza kutoa siku 30, na asipoteze kitu.

Waandishi nasi tusijifanye malaika. Mashine inayokumbuka kwamba mteja alipitia kwa nani hutumia vidakuzi, alama ndogo zinazoachwa kwenye kompyuta yake. Aliyekuwa kinara wa mpango wa afilieti wa eBay, aliyelipwa mamilioni ya dola, alipanda alama hizo kwenye kompyuta za watu ambao hawakubonyeza kiungo chochote. Wakinunua baadaye kwa hiari yao, kamisheni inakwenda kwake. Mwaka 2014 mahakama ya Marekani ilimfunga miezi mitano. Hesabu lazima ionekane na pande zote mbili, kwa sababu hata anayelipa anaweza kuibiwa.

Kumchagua mwandishi ni kazi nyingine, na hapa wengi wanadanganywa na wingi wa watu. Blogu ya udaku inaweza kusomwa na maelfu kwa siku, lakini mtu aliyekuja kusoma nani kaachana na nani hakuja kununua mashine ya kutotolea vifaranga. Anayeandika habari za kuku wa kienyeji, mwenye wasomaji 800 wanaomuuliza kuhusu chanjo ya mdondo na kiwango cha joto, atakuuzia mashine. Soma maswali anayoulizwa na namna anavyojibu. Kisha mpe mashine aitumie siku 21 mpaka mayai yaanguliwe, aandike alichokiona, hata kama ni kwamba umeme ukikatika joto linashuka haraka. Usimfute mstari huo. Mfugaji akiuona anajua anaongea na mtu mkweli, anaendelea kusoma.

Brian Lam alianzisha tovuti ya Wirecutter huko Marekani mwaka 2011 kwa njia hiyo: majaribio marefu na makala chache, kisha kamisheni msomaji anaponunua. Mwaka 2016 New York Times iliinunua kwa takriban dola milioni 30.

Na msomaji aambiwe. Sentensi moja juu ya makala inatosha: ukinunua kupitia hapa, nalipwa. Marekani iliweka miongozo inayowagusa wanablogu juu ya jambo hili tangu 2009. Mimi nilipoanza kuiandika niliogopa wasomaji watanikimbia; wengine sasa wananiuliza neno langu la punguzo ni lipi ili nisikose haki yangu.

Mambo ya kodi na leseni za serikali nayo yawekwe kwenye mkataba mapema. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, mkazi analipwa kamisheni ya aina hii ikiwa imekatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipie leseni, na wakati ule gharama zilipita shilingi milioni 2. Anayedhani blogu haina gharama aikumbuke namba hiyo anapopanga kamisheni.

Siku hizi nafanya kazi na mama mmoja anayeuza viungo. Hana mtambo wowote. Kila Ijumaa baada ya saa kumi ananitumia picha ya ukurasa wa daftari lake: majina ya kwanza ya wateja waliotaja PILAU, walichonunua, na chini kabisa waliorudisha. Wiki iliyopita walikuwa 14, mmoja akarudisha iliki. Hela ya 13 iliingia kabla sijamaliza kusoma ukurasa.